Naomi Alirudi na Jina Lake

Mazungumzo na wanachama na marafiki wa shirika, Baraka, kisha mkutano wa mwisho wa mwezi

Karibuni wamama, karibuni wababa, na nyinyi vijana mulioketi huko nyuma kwenye mabenchi kwa sababu viti vimekwisha. Nawasalimu pia marafiki wanaotusaidia toka mbali, watakaosoma maneno haya katika gazeti letu dogo bila kuwa hapa.

Kamati iliniomba niseme juu ya jambo moja: mtu aliyerudi toka ukimbizini atajuaje kwamba yeye ni mtu, mbele ya Mungu na mbele ya wenzake. Nitajaribu kuwa mufupi, maana mvua naiona inakuja na wengine mutarudi kwa mguu.

Tulioishi Lugufu na Nyarugusu tunakumbuka karte. Siku ya mgao haukuwa mama fulani, binti ya fulani wa Fizi. Ulikuwa familia ya watu saba. Karte inatobolewa, unapimiwa unga, maharagwe, mafuta na chumvi, unapita. Sisemi vibaya juu ya ile karte, ilitulisha miaka mingi na watoto wetu walikua juu yake. Lakini mtu akikaa miaka kumi akiitwa hesabu, hata yeye mwenyewe anaanza kujihesabu.

Kisha ikaja meli. Tangu mwaka 2005, HCR ilipoanza kuvusha watu toka Kigoma mpaka hapa Baraka, tulipanda kule tukiwa wakimbizi, tukashuka huku tukiwa marapatriye. Lugufu yenyewe ilifungwa mwaka 2009. Na tulipofika nyumbani, kumbe jina lingine lilikuwa linatungojea: « Batanzania ». Watoto waliozaliwa kule, ambao hawakuona vita ya 1996 wala ile ya 1998, wakaingia shuleni na Kiswahili chao cha shikamoo, wakachekwa. Kifaransa hawajui, Kibembe wanakisikia kidogo tu. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake: « Mama, kule waliniita Mukongomani, huku wananiita Mutanzania. Kwetu njo wapi? » Yule mama alinihadithia hayo tukiwa tunatwanga sombe, na alisema hakujua amujibu nini.

Ndiyo sababu nimewaletea leo kitabu cha Ruthu. Ni kitabu kifupi, sura nne tu, mutu anaweza kukimaliza mbele bugali haijaiva. Sisi tunakijua juu ya Ruthu, tunakihubiri siku za ndoa. Lakini mukikisoma vizuri, ni hadithi ya mama aliyerudi. Naomi ni rapatriye.

Aliondoka Bethlehemu na bwana wake Elimeleki na vijana wawili kwa sababu ya njaa, wakaenda kukaa ugenini, Moabu. Bwana akafa kule. Vijana wakaoa kule. Wakakaa miaka kama kumi, kisha wale vijana nao wakafa. Halafu Naomi akasikia habari kwamba kwao chakula kimepatikana tena. Wandugu, ni nani kati yetu hajui habari za namna ile? Kule kambini kila mtu alikuwa na ndugu aliyetuma neno: huku imetulia, rudini.

Akarudi. Mji wote ukashituka. Wamama wakaulizana kama kweli huyu ndiye Naomi. Ile swali naijua. Wanakutazama toka miguu mpaka kichwa, wanahesabu mizigo yako, wanatafuta bwana yako nyuma yako. Naomi akawajibu kwa uchungu. Jina lake maana yake ni mwenye kupendeza. Akawaambia wasimwite hivyo tena, wamwite Mara, yaani uchungu, kwa sababu alitoka amejaa na amerudi mtupu.

Hapa ninataka tukae kidogo, kwa sababu mambo matatu yako ndani ya jibu hili.

Alisema alitoka amejaa. Lakini alitoka kwa sababu ya njaa! Ghala lilikuwa tupu. Naomi alikuwa amejaa watu: bwana na watoto wawili. Wamama mulioacha makaburi ya watoto wenu ng'ambo ya ziwa munamuelewa kuliko mimi. Na Biblia haimukaripii juu ya maneno yale. Hakuna mchungaji anayetokea pale kumwambia aache kulia, awe na imani. Kuna watu wetu wanaofikiri mtu akisema ana uchungu amekana Mungu. Naomi alisema mbele ya mji wote kwamba Mwenyezi ndiye aliyemtendea uchungu, na bado Mungu hakumwacha.

Halafu, alisema amerudi mtupu, na pembeni yake amesimama Ruthu. Mkwe wake aliyeacha watu wake na kutembea naye njia yote! Fikirini Ruthu anajisikiaje wakati ule. Huzuni inafanya hivyo, inafunga macho usione aliye karibu. Na Ruthu ndiye wamama wale wale watakuja kusema mwishoni kwamba anamfaa Naomi kuliko watoto wanaume saba.

Na jambo ninalolipenda kupita yote: nimesoma kile kitabu mara nyingi nikitafuta, hakuna pahali tena panapomwita Mara. Yeye mwenyewe aliomba, mara moja, na basi. Mstari unaofuata unasema Naomi alirudi. Sura ya pili, Naomi. Sura ya tatu, Naomi. Mtoto anapozaliwa, ni Naomi anayempakata. Mungu alisikia uchungu wake lakini hakuuandika kuwa jina lake.

Wandugu, thamani ya mtu ninayoiona katika Neno iko pale. Siku hizi nasikia mahubiri mengine, katika makanisa mengi na hata redioni: wewe ni mwana wa Mfalme, basi uvae kama mwana wa Mfalme, utoe feza upate feza. Mimi nasema mahubiri yale yanatuumiza sisi. Mama aliyeshuka melini na sufuria mbili na shitingi atajiuliza: kama wana wa Mfalme wanajulikana kwa nguo, mimi basi ni mwana wa nani? Anaanza kukosa kanisani. Kisha anakosa hata hapa kwetu. Kamati inajua majina, sitayasema. Ni wanachama walioacha kuja kwa sababu mara mbili walikosa feza ya likelemba, wakaona aibu. Hakuna aliyewafukuza. Walijifukuza wenyewe, juu walifikiri hapa mtu ni mchango wake.

Nirudi kwa Ruthu, maana marafiki wetu wanaotoa msaada nao wako ndani ya hadithi. Alienda kuokota masazo ya mavuno nyuma ya wavunaji. Ile haikuwa sadaka ya huruma. Torati ilimwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni, na asirudi kuokota kilichoanguka, kwa sababu hicho ni cha maskini, mgeni, yatima na mjane. Ruthu alikuwa mgeni na mjane, alikuwa anaokota haki yake. Lakini Boazi akaongeza. Aliwaambia vijana wake wachomoe masuke katika miganda kwa makusudi na kuyaacha chini, na wasimwaibishe. Muone akili ya mtu yule! Angeweza kumwita mbele ya wote na kumpa gunia, watu wapige makofi. Yeye aliangusha chakula pahali ambapo Ruthu atakiokota kwa mikono yake mwenyewe. Jioni Ruthu akapura alichookota, kikawa efa moja, akakibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyetoka kazini.

Marafiki, tunawashukuru kwa mbegu za mahindi na karanga, kwa majembe, kwa mashine ya kusaga. Hatutasahau. Ninaomba kitu kimoja tu, na ninakiomba kwa heshima. Munapotuma watu kutupiga picha, musimtafute kila mara mama aliyechakaa kuliko wote. Na musimwombe mtu ahadithie vita upya kila anapoandikwa kwenye liste. Wengine wetu tumehadithia mpaka hadithi imekuwa kama karte nyingine, unaionyesha upate kitu. Piga picha mashine ikisaga. Uliza yule mama bei ya unga wiki hii, atakujibu vizuri sana.

Sasa shamba. Naona wengine munainua vichwa! Wengi wetu tulikuta mtu amejenga katika uwanja wetu, au analima tulipoacha mihogo. Na kuna wanaoambiwa kwamba mkristo wa kweli hadai, anamwachia Mungu. Kile kitabu hakisemi hivyo. Sura ya nne inaanza na shamba la Elimeleki. Boazi alienda mlangoni mwa mji, akaketisha wazee kumi, akamwita ndugu aliye karibu zaidi, mambo yakasemwa mchana, mbele ya mashahidi, mpaka neno likakatwa na kiatu kikavuliwa kuwa alama. Kudai haki yako pale wazee walipo si kukosa imani. Kwenda usiku na panga, hiyo ndiyo kukosa imani. Na mjane asiende peke yake kwa chefu. Naomi hakuenda peke yake, alikuwa na mtu wa kusimama upande wake. Shirika letu lina wazee wanaoweza kusindikiza. Mutumie wazee hao.

Neno kwa vijana munaoitwa Batanzania. Ruthu, mara nyingi katika kitabu kile, anaitwa Mmoabi. Hata alipokwisha kuonyesha wema wake, bado ni « Ruthu Mmoabi ». Watu hawaachi haraka. Lakini mufungue Matayo sura ya kwanza, kwenye liste ya mababu wa Yesu. Yumo, na pale anaitwa Ruthu tu. Yesu mwenyewe akiwa mtoto alikimbizwa Misri usiku, akarudi, na akakua Nazareti, mji ambao watu waliudharau. Kiswahili chako cha kule hakikuondoi kwetu. Na Kifaransa utajifunza, mwalimu mmoja wa kwetu anafundisha bure Jumamosi mchana, ila mnamkimbia juu ya mupira!

Kisha kuzungumza na mwenyekiti, tumekubaliana jambo. Daftari ya shirika ina safu tatu: namba, familia ya watu wangapi, mchango umelipwa au haujalipwa. Kuanzia leo tunafungua daftari mpya. Jina lako lote litaandikwa kwanza, na jina la kijiji cha wazazi wako. Kisha safu ya kile unachojua kufanya: kushona, kutengeneza nyavu, kuzalisha wamama, kukanika ndagala bila kuoza, kusoma barua za Kifaransa. Mchango utabaki, maana bila mchango hakuna shirika, lakini utakuwa safu ya mwisho. Na asiye na feza mwezi huu atatoa siku moja ya kazi kwa shamba la pamoja, iandikwe sawasawa na feza.

Kila mmoja wenu anajua mama mmoja asiyekuja tena. Mupite kwake wiki hii, mumwite kwa jina lake, mumuulize anajua kufanya nini. Mwandishi yuko pale mezani na kalamu. Wasiojua kuandika watamwambia kwa kinywa. Tuanze na wamama walio na watoto mgongoni, mbele mvua haijatufikia.