SOMO LA SABA: UNASOMA KITABU GANI SIKU HIZI?

(Maneno ya somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima)

Nawasalimu nyote: ninyi mliokusanyika darasani, ninyi mlio chini ya mwembe, na wewe uliye peke yako jikoni, umeiweka redio karibu na meko. Viongozi wa vikundi, hakikisheni kila mtu anasikia vizuri. Mwenye daftari na alifungue.

Katika masomo yaliyopita tulisoma barua, tukasoma risiti, tukasoma na maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Leo tutajifunza jambo jingine, nalo ni namna ya kumwambia mwenzako habari za kitabu unachokisoma na kukifurahia.

Huenda mmoja wenu akasema, "Je, hilo nalo ni somo? Kusimulia tumekujua tangu utoto." Ni kweli. Lakini angalieni. Mtu akirudi safari, tunamwuliza habari za huko. Akitoka shambani, tunamwuliza mahindi yamefikia wapi. Akitoka harusini, tunataka kujua nani alikuwapo na chakula kilikuwaje. Lakini akifunga kitabu, hakuna amwulizaye neno. Basi naye hukiweka juu ya kabati, na pengine hakifungui tena.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwishoni mwa mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuwa mwaka 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 vikundi kama vyenu vilikusanyika Tanzania nzima kusikiliza masomo ya redio yaliyoitwa "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni 2. Kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kuwa katika kila watu wazima 100, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama 10 tu. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa wasiojua walikuwa kama 30 katika kila 100. Sababu zake ni nyingi, na mojawapo ni watoto waliokua bila kupelekwa shule. Ila iko sababu nyingine ambayo sisi tunaofundisha tunaiona kwa macho yetu: kusoma kusikotumiwa huliwa na kutu, kama jembe lililotupwa darini. Wapo wazee ambao zamani walisoma barua za watoto wao wenyewe, na leo huzipeleka kwa jirani wasomewe. Siri za nyumba hutoka nje kwa njia hiyo.

Sasa, dawa ya kutu ni kulitumia jembe. Na mtu husoma kwa hamu zaidi akijua kwamba Ijumaa wenzake watamwuliza, "Enhe, yule bwana wa kitabuni kafika wapi?"

Basi tusikilizane. Ukitaka kusimulia kitabu, shika mambo manne. Kwanza, taja jina la kitabu na jina la aliyekiandika, ili anayekitaka aweze kukitafuta. Pili, eleza ni nani aliyemo na anataka nini. Tatu, sema mahali palipokuchekesha, palipokuudhi, au palipokufanya ufunge kitabu kwanza ukafikiri. Nne, usiseme mwisho wake. Mwachie mwenzako haki yake ya kuufikia mwenyewe.

Nitatoa mfano. Siku hizi mimi nasoma kitabu kiitwacho "Peponi". Mtungaji wake ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatolewa mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022. Aliyemo ni mtoto aitwaye Yusuf. Baba yake ana deni kwa tajiri mmoja mfanya biashara, ambaye mtoto amezoea kumwita ami yake. Siku moja mtoto anaambiwa atasafiri na huyo ami kwa gari moshi, naye anafurahi kama mtoto yeyote. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hapo nilifunga kitabu. Nilifikiri juu ya watoto tunaowapeleka mjini kwa watu tunaowaita shangazi na mjomba, na kama huwa tunawaambia kweli yote. Mbele siwaambii.

Mmeona? Sikusema kwamba kitabu ni kizuri sana. Neno "kizuri" halimfai msikilizaji kitu. Nimemwambia Yusuf ni nani, na mimi kimenigusa wapi.

Sasa nitawapa habari ya kikundi kimoja nilichokitembelea. Palikuwa na mama mmoja muuza nyanya sokoni. Alijifunza kusoma akiwa na wajukuu. Alikuwa akisoma "Wasifu wa Siti binti Saad", kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1958, lakini alikificha ndani ya kikapu chini ya khanga, kwa kuwa majirani walimcheka: mtu mzima, kitabu cha nini? Alisoma ukurasa mmoja kila jioni, tena kwa kidole. Zamu yake ilipofika alikataa kusema. Wenzake wakamsihi, na mwisho akasimama.

Akaeleza kwamba Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, hakupata elimu ya shule, naye alikuwa akichukua vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini huku akiimba. Sauti yake ikajulikana, akajifunza taarabu, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Kisha yule mama akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu alibeba vyungu. Mimi nabeba nyanya. Sikujua kama mtu wa namna hii huandikwa kitabuni."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa nyuma akauliza, "Kitabu hicho ukikimaliza utanipa?" Mwingine akasema zamu ni yake, kwa maana yeye ndiye aliyeanza kumsihi mama aseme. Ndugu zangu, tangu siku ile kikapu hakikuficha kitabu tena. Na mimi naamini kwamba kama asingepata nafasi ya kusema, angekiacha kabla ya kufika nusu.

Usidhani kwamba lazima watu wakubaliane. Katika kikundi hicho hicho mzee mmoja alisimulia "Kusadikika", kitabu kingine cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Humo mna mtu aitwaye Karama, aliyeshtakiwa mbele ya mfalme kwa sababu ametaka kufundisha watu sheria. Anajitetea siku sita, na kila siku anakumbusha habari za mjumbe aliyetumwa mbali kutafuta yaliyo mema kwa nchi, akarudi nayo, akatiwa gerezani badala ya kushukuriwa. Mzee akasema, "Hata hapa kwetu ndivyo tulivyo. Kijana akileta habari za mbegu mpya, tunamwambia amekuja kututawala." Kijana mmoja akajibu, "Mzee, lakini mwaka ule mliopinga mlikuwa na haki. Mbegu zile hazikuota." Wakabishana mpaka taa ikapungua mafuta. Mabishano kama hayo ni mazuri, maana kila mmoja alirudi kitabuni kutafuta maneno ya kumshinda mwenzake.

Wala usione haya kusoma kwa kujifurahisha tu. Kitabu si mwarobaini, kwamba lazima kiwe kichungu ndipo kifae. Wako wapenzi wa Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar katika "Mzimu wa Watu wa Kale", kilichotolewa mwaka 1960. Anayekisoma huanza kudhani huyu ndiye mwuaji, kisha yule, na chakula hupoa mezani. Katika kusimulia kitabu cha namna hiyo, lile jambo la nne ni amri. Anayetaja mwuaji amemwibia mwenzake.

Najua mnaloniuliza sasa: "Vitabu tutavipata wapi?" Bodi ya maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Ziko pia maktaba mikoani. Anayekwenda mjini kwa shughuli zake na aingie aulize masharti ya kuazima. Kwa walio mbali, fanyeni kapu la vitabu. Kila mmoja alete kimoja alichonacho, hata kama ni kile mtoto alichomalizia shule. Watu 12 wakileta kimoja kimoja, kila mtu amepata vitabu 11 asivyokuwa navyo. Mchagueni mmoja atunze daftari lenye safu nne: jina la kitabu, jina la mwazimaji, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Kitabu kifunikwe kwa gazeti, kisikunjwe pembe, wala kisigeuzwe kifuniko cha chungu. Asiye na kitabu kabisa asimulie kijitabu cha kilimo au habari ya gazetini, na mwenye kusoma katika simu yake naye amesoma. Tusimkatae.

Kwa asemaye kwamba hana nafasi, nitamjibu kwa maneno ya wahenga: bandu bandu, huisha gogo. Ukurasa mmoja kila jioni ni kurasa 30 kwa mwezi. Vitabu vingine ni vyembamba. Miezi minne hivi utakuwa umekimaliza.

Nanyi mnaojua kusoma vizuri, nina ombi moja. Mwenzenu akisoma polepole, msimmalizie neno. Mngojeni. Akilipata mwenyewe limekuwa lake.

Sasa kazi ya kikundi. Baada ya redio kunyamaza, jibuni maswali haya:

1. Ni nani kati yetu anayesoma kitabu sasa, na ni kipi? Asimulie kwa kufuata yale mambo manne, muda usiozidi dakika tano.

2. Ni nani aliyeanza kitabu akakiacha? Aseme aliachia wapi na kwa sababu gani.

3. Nani atatunza kapu na daftari, na litakaa nyumba gani?

Katibu aandike majibu na kuyatuma kwetu kwa njia ya kawaida.

Juma lijalo, saa hii hii, tutajifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Lakini kabla hamjalala usiku wa leo, kila mmoja na amwulize aliye karibu naye, "Unasoma kitabu gani siku hizi?" Akikujibu kwamba hasomi, mwambie unachosoma wewe.