Chumba cha Mwanafunzi Ng'ambo ya Mpaka
Hotuba kwa wazazi na wanafunzi, Gisimenti, Kigali



Miongoni mwenu wamo watakaovuka Gatuna kwenda kusoma Uganda. Kitambulisho mmekwisha kukiandaa, chumba je?

Tangu mwaka 2022 Uganda ina Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji. Mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 za Uganda au zaidi sharti uandikwe. Kodi haipandishwi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Wala mpangaji hafukuzwi pasipo amri ya mahakama.

Hata hivyo, twayajua yanayotokea. Kijana hulipa kodi ya muhula mzima kwa mapatano ya mdomo, hapewi stakabadhi. Siku ya mtihani hukuta kufuli jipya mlangoni, vyeti vyake vikiwa ndani. Kwa kuwa ni mgeni, huogopa kwenda polisi. Na akienda, hana karatasi ya kuonyesha.

Kwa hiyo twawasihi: hata kodi ikiwa ndogo, andikeni mkataba, kila mlipapo, pokeeni stakabadhi, nakala zibaki kwa wazazi. Mkifungiwa, msivunje kufuli. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi. Nanyi lipeni kodi kwa wakati, maana sheria hiyo humlinda mwenye nyumba pia.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: hata haki hupotea hivyo hivyo.