Je, Nchi Ibadilishe Wimbo Wake wa Taifa?



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo likiwekwa kando ya bei ya unga na karo ya shule. Je, ni halali, na tena ni busara, nchi kuuweka kando wimbo wake wa taifa na kuimba mwingine? Wako wanaoliuliza swali hili kwa mzaha, na wako wanaoliuliza kwa uchungu. Hao wenye uchungu ndio tunaotaka kuwajibu. Wao husema hivi: tumeusimamia wimbo huu tangu 1963, mikono ubavuni, kimya kama tuliomo ibadani; na huyo aliyesimama jukwaani mbele yetu, kifua mbele, ndiye aliyejigawia uwanja wa shule ya watoto wetu. Yafaa nini kuendelea kuimba pamoja naye? Si afadhali tutafute wimbo ambao midomo ya watu hao haijauchafua?

Hoja hiyo ina uzito, wala hatutaipuuza. Lakini kabla ya kuizungumzia Kenya, hebu tuitazame nchi ya Kiafrika iliyofanya jambo lenyewe miaka michache tu iliyopita, tuone ilivyolifanya.

Tarehe 23 Mei 2024, Baraza la Wawakilishi la Nigeria liliusoma mswada wa kubadilisha wimbo wa taifa mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, yote katika siku moja. Siku tano baadaye Baraza la Seneti nalo likaupitisha. Tarehe 29 Mei, siku alipotimiza mwaka mmoja madarakani, Rais Bola Tinubu akautia sahihi ukawa sheria. Haikutimia wiki moja. Mkuu wa Sheria wa serikali hiyo hiyo, Lateef Fagbemi, alikuwa amewashauri wabunge kwamba jambo la namna hii lahitaji wananchi washirikishwe kwa mapana. Ushauri ulisikizwa, ukashukuriwa pengine, ukawekwa kando.

Na ni wimbo gani uliorudishwa? Ni ule wa 1960, ambao Nigeria ilipata nao uhuru. Maneno yake yaliandikwa na Lillian Jean Williams, Mwingereza aliyekuwa akiishi nchini humo, na muziki ukatungwa na Mwingereza mwingine, Frances Benda. Mwaka 1978 serikali ya Olusegun Obasanjo ilikuwa imeuondoa na kuweka wimbo uliotungwa na Wanigeria wenyewe: maneno yakakusanywa kutoka katika mashairi ya wananchi walioshindana, na lahani ikatungwa na bendi ya polisi chini ya uongozi wa Benedict Odiase. Tazameni kinyume hicho. Serikali ya wanajeshi, ambayo haikupigiwa kura na mtu, iliwaomba wananchi mashairi yao. Bunge lililochaguliwa kwa kura halikuwapa wananchi hao hata siku saba za kufikiri.

Tuwatendee haki waliouunga mkono mswada ule. Walisema kwamba wimbo wa 1960 unakiri waziwazi kuwa watu ni wa makabila na lugha mbalimbali, na hata hivyo unawaita ndugu. Kwamba ule wa 1978 ulizaliwa chini ya mtutu wa bunduki. Hizo si hoja za kijinga. Zingalipelekwa vijijini, misikitini na makanisani, zikajadiliwa mwaka mzima, huenda wengi wangalizikubali. Lakini mwezi Aprili 2024, mwezi mmoja kabla ya mswada huo, mfumuko wa bei nchini humo ulikuwa umevuka asilimia 33. Ruzuku ya mafuta ilikuwa imeondolewa mwaka uliotangulia, na sarafu yao ilikuwa imeshuka vibaya. Mama aliyekwenda sokoni siku zile alirudi na kikapu nusu, akakuta nyumbani amewekewa wimbo mpya. Tena mpya kwake kweli, kwa maana mtu aliyezaliwa 1978 alikuwa ametimiza miaka 46 bila kufundishwa wimbo ule wa zamani shuleni hata siku moja. Agosti ya mwaka huo huo vijana walijaa barabarani kulalamikia njaa na utawala mbaya. Wimbo haukuwa umewashibisha.

Je, twasema basi kwamba wimbo wa taifa usiguswe kamwe? Hatusemi hivyo. Kuna wimbo ambao kuuimba kwenyewe ni dhuluma. Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa na wimbo uliotokana na shairi la Kiafrikaana la C. J. Langenhoven la mwaka 1918, wimbo wa watu wachache waliokuwa wakiisifu nchi huku wakiwanyang'anya wenyeji wake. Mwafrika angeuimbaje? Yeye alikuwa na wimbo wake tangu 1897, sala iliyotungwa na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa kanisa la Methodisti, ambaye alifariki 1905 bila kujua kwamba lahani yake ingevuka mipaka ikawa ya Tanzania na Zambia pia. Kuanzia 1994 Afrika Kusini ikawa na nyimbo mbili kwa pamoja, na mwaka 1997 zikashonwa zikawa wimbo mmoja wenye lugha tano: Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikaana na Kiingereza.

Mshono huo hauwaridhishi wote hadi leo. Wafuasi wa chama cha Economic Freedom Fighters wamekuwa wakidai kipande cha Kiafrikaana kiondolewe, wakisema haiwezekani mtu kuombwa amwimbie aliyemtesa. Sisi hatuwezi kuwalaumu kwa uchungu wao. Hatukuvaa viatu vyao. Hata hivyo twaona kwamba waliotengeneza wimbo ule walijiuliza swali lililo sahihi, nalo ni hili: ni nani katika nchi hii hawezi kufungua kinywa chake kwa sababu ya maneno tuliyoyaweka? Rwanda nayo ilijiuliza swali kama hilo baada ya mauaji ya halaiki ya 1994, na mwanzoni mwa 2002 ikawa na wimbo mpya na bendera mpya.

Kongo yatupa funzo la namna nyingine. Mobutu alipoiita nchi Zaire aliipa na wimbo wake, na alipoanguka mwaka 1997 wimbo ule wa uhuru ukarudi. Kinachotushangaza ni kwamba padre yule yule wa Shirika la Yesu, Simon-Pierre Boka, alishiriki katika kuzitunga nyimbo zote mbili. Mtawala alibadilisha jina la nchi, la mto na la watu, lakini kwa wimbo alirudi kwenye mlango ule ule.

Sasa turudi kwetu nyumbani.

Wimbo wetu haukutungwa na mtawala, wala haukuletwa kwa meli. Mwaka 1963 tume ya watu watano ilikaa kuuandaa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume, ambaye alikuwa mchungaji. Lahani waliichukua kwa Wapokomo wa Mto Tana, na mzee anayetajwa kuwa ndiye aliyewapa ni Meza Moroa Galana. Ilikuwa lahani ya wimbo wa kubembeleza mtoto. Yafaa tulitafakari jambo hilo kidogo, kwa kuwa si wengi wanaolijua. Nchi nyingine zilichukua mwendo wa askari wapigao ngoma. Sisi tulichukua sauti ya mama amtulizaye mwanawe ili alale. Na tuliichukua kwa watu wachache, waishio mbali na jiji kuu, ambao serikali zilizofuata ziliwakumbuka mara chache mno. Siku ile walau walihesabiwa kuwa Wakenya kabla ya wengi wetu.

Na maneno yake? Ubeti wa kwanza unamwomba Mungu baraka, unataka haki itukinge, unataka tuishi kindugu kwa amani na kwa uhuru, na nchi isipungukiwe na neema. Ubeti wa pili unatuhimiza tuamke tuitumikie nchi na kuilinda. Wa tatu unatutaka tuijenge kwa umoja, na jasho letu lionekane limezaa kitu cha kushukuriwa. (Wengi wetu huishia ubeti wa kwanza tu, kisha tukageuza midomo kama waimbao.) Tafuteni humo jina la rais. Halimo. Tafuteni jina la chama. Halimo. Tafuteni kabila moja lililowekwa mbele ya jingine. Hamtalipata.

Kwa hiyo, yule ndugu yetu mwenye uchungu twamwuliza: ni neno gani katika wimbo huu lililokudhulumu? Aliyekudhulumu ni yule asiyelitenda. Mkopeshaji mwenye akili hachani hati ya deni kabla hajalipwa, eti kwa sababu mdeni ameishika kwa mikono michafu. Hati ikichanwa, atakayelala usingizi mzuri usiku huo ni mdeni. Wimbo wetu ni hati ya namna hiyo: kila mara waziri anapousimamia anakiri mbele ya mashahidi kwamba anadaiwa haki, na kwamba hajamaliza kulipa.

Watawala wa chama kimoja walilifahamu hilo kuliko sisi, tena hawakujisumbua kuubadilisha wimbo. Waliweka nyingine kando yake. Watoto wa shule walikaririshwa kiapo cha kuwa waaminifu kwa Rais na kwa taifa, Rais akitangulia na taifa likifuata. Kwaya za shule na za idara za serikali zilishindana kumsifu kiongozi, na redio ya taifa ikazirudia nyimbo hizo asubuhi na jioni mpaka mtoto wa miaka sita akazijua kuliko sala ya nyumbani kwao. Wimbo wa taifa ulibaki, lakini ulibaki kama Biblia iliyofungwa kabatini: haijachomwa, ila haisomwi. Hivyo ndivyo nchi inavyoweza kubadilishiwa wimbo wake pasipo mswada wowote kupelekwa Bungeni. Nyimbo zile za sifa zilinyamaza zenyewe utawala ulipobadilika mwaka 2002, na ule wa 1963 ukabaki umesimama.

Tena mwezi Juni 2024, vijana wengi ambao hata hawakuwa wamezaliwa enzi za kiapo kile waliingia mitaani kupinga Mswada wa Fedha, wakiwa na bendera mikononi, nao wakauimba wimbo wa taifa mbele ya polisi wenye mabomu ya machozi. Hawakutunga mwingine. Wangaliweza, kwa kuwa kizazi hicho hakikosi watunzi. Waliuchukua huu huu ambao wazee wao walidhani umechakaa, wakawaimbia wenye mamlaka maneno ambayo wenye mamlaka wenyewe husimama kuyaimba kila sikukuu ya taifa. Baadhi yao hawakurudi nyumbani. Twaona vigumu kuwaambia wazazi wao kwamba wimbo ule si kitu.

Liko pingamizi moja zaidi, nalo lawahusu hasa ndugu zetu wa makanisa. Wako wasemao kwamba Katiba, katika Kifungu cha 8, yakataza dini ya taifa, na hivyo sala haifai kuwa wimbo wa wote. Twawaheshimu wanaosema hivyo, pamoja na Mkenya asiyeamini lolote. Lakini Utangulizi wa Katiba hiyo hiyo ya 2010 wamtaja Mungu, na Mungu wa wimbo wetu hakuwekewa kanisa wala msikiti. Mwislamu wa Lamu na mzee anayeuelekea Mlima Kenya kwa maombi wanaweza kumwita bila kuomba ruhusa yetu. Sisi wakristo tusije tukasimama kana kwamba wimbo huu ni tenzi letu tulilowaazima wengine. Siku tutakapoufanya hivyo, ndipo wenzetu watakapokuwa na haki ya kudai mwingine.

Mwisho, ndugu zetu, kuna jambo la sheria ambalo twaomba mlichukue mwende nalo majumbani. Wimbo wa taifa umetajwa katika Kifungu cha 9 cha Katiba, na umewekwa katika Jedwali la Pili. Mkisoma Kifungu cha 255, chenye orodha ya mambo yasiyoweza kubadilishwa bila kura ya maoni, hamtakuta alama za taifa humo. Maana yake ni kwamba wabunge na maseneta, wakipata theluthi mbili ya wanachama wote katika kila Bunge, waweza kuubadilisha wimbo huu bila sisi kupanga foleni ya kura. Wameachiwa mlango, nasi twafaa kujua kwamba mlango huo upo.

Lakini hawawezi kuupita kwa wiki moja. Kifungu cha 256 chasema kwamba mswada wa kurekebisha Katiba ukishasomwa mara ya kwanza usisomwe tena mpaka zipite siku 90, na kwamba Bunge ni lazima liutangaze na kuwawezesha wananchi kuujadili. Wanigeria walipewa siku sita. Mswada wa namna hiyo ukitokea hapa kwetu, siku hizo 90 zianze kuhesabiwa katika kila parokia na kila kamati ya mtaa tangu asubuhi ile ya kwanza, na swali la kwanza la kumwuliza mbunge atakapokuja liwe ni neno gani la wimbo lililomkera.