Rangi ya Uso na Kanuni za Softiboli

Mpira wa softiboli ukirushwa na msichana hodari wa chuo kikuu huko Marekani huweza kupita mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Anaurusha akiwa umbali wa mita 13 hivi. Mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kuzungusha gongo. Sasa fikiria jua la alasiri limempiga usoni, mashavu yana jasho, na mwanga unaogonga mashavu unamrudia machoni. Kwa sababu hiyo wachezaji wa softiboli, kama wenzao wa besiboli na wa futiboli ya Kimarekani, hujipaka chini ya macho grisi nyeusi iliyotengenezwa kwa nta na kaboni.

Wapo wanaosema ni urembo mtupu. Mwaka 2003 watafiti wa macho wa Chuo Kikuu cha Yale, Brian DeBroff na Patricia Pahk, walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi juani. Grisi nyeusi iliwasaidia kutofautisha vizuri zaidi kilichofifia na kilicho nyuma yake. Stika za kubandika na mafuta ya mgando hayakuwapa faida hiyo. Kwa hiyo kanuni yoyote inayopiga marufuku rangi hii moja kwa moja inamnyang'anya mchezaji kifaa cha kazi.

Lakini tuseme kweli yote. Wasichana wengi wa softiboli leo hawaishii kwenye mstari mmoja. Wanachora michirizi hadi kidevuni, nyota, makucha ya mnyama wa timu yao, kisha juu yake wanamwagia glita. Wanafanya hivyo hata kwenye mechi za usiku, wakati jua limekwisha kuzama. Hapo si suala la kuona tena. Mmoja anamshika mwenzake kidevu na kumchora, kama binti wa pwani anavyompaka mwenzake wanja kabla ya kwenda harusini, na wanaingia uwanjani wakiwa kitu kimoja. Mimi naliona hilo kuwa jema. Mchezo huu umewapa mamilioni ya wasichana mahali pa kukimbia, kupiga kelele na kuchafuka vumbi bila kuomba radhi. Sioni sababu ya mtu mzima kuja na kitambaa kuwafuta furaha hiyo usoni.

Hata hivyo kanuni lazima ziwepo, na historia inatuonyesha kwa nini. Januari 2009, Tim Tebow wa Chuo Kikuu cha Florida aliingia kwenye fainali ya futiboli ya vyuo akiwa ameandika Yohana 3:16 chini ya macho yake. Wengine walikuwa wakiandika misimbo ya simu ya miji yao na majina ya watu. Ilipofika msimu wa 2010, shirikisho la michezo ya vyuo, NCAA, lilikuwa limekataza maneno, namba na alama zozote katika rangi hiyo kwenye futiboli. Waumini wengi walikasirika, na uchungu wao nauelewa, kwa kuwa aya ile haikumtukana mtu.

Kisha tazama kilichotokea Septemba 2012. Yunel Escobar wa timu ya besiboli ya Toronto Blue Jays alicheza mechi akiwa na tusi la Kihispania dhidi ya mashoga limeandikwa chini ya macho. Halikuzuiwa uwanjani. Lilijulikana picha zilipoenea mtandaoni, naye akafungiwa mechi 3. Mwamuzi amefunzwa kuhukumu mpira. Hatuwezi kumdai awe pia mkaguzi wa aya, lahaja na lugha za mitaani za dunia nzima. Ndiyo maana naunga mkono kukatazwa kwa maandishi yote, mazuri na mabaya.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwingine, na kwetu sisi Waafrika unagusa mfupa. Kwa zaidi ya karne moja, waigizaji weupe wa Marekani walijipaka masizi uso mzima ili kuwadhihaki watu weusi jukwaani. Mwaka 2023, huko San Diego, mwanafunzi wa shule ya kati alisimamishwa masomo siku 2 kwa kujipaka rangi ya michezo mashavuni alipokwenda kutazama mechi, kwa madai kwamba amefanya dhihaka ya namna hiyo. Mtoto anaweza kusema alikuwa akiwaiga wachezaji anaowaona kwenye televisheni. Atakayekaa karibu naye anaweza kuona jeraha la babu zake. Wote wawili wanastahili kanuni iliyoandikwa kabla ya mechi, badala ya adhabu inayobuniwa baada yake.

Mchezo wa lakrosi shuleni huko Marekani umejaribu kuandika kanuni ya namna hiyo. Kanuni inataka mstari mmoja usio na maandishi, usiozidi upana wa tundu la jicho wala kushuka chini ya mfupa wa shavu. Kwangu mimi hapo wamebana mno, lakini angalau mchezaji anaweza kujipima mwenyewe kwenye kioo. Kwa softiboli ningependekeza hivi: maneno, namba na nembo marufuku, uso mzima usifunikwe, michirizi na glita ruksa. Mrushaji peke yake abanwe zaidi, kwa sababu akigusa shavu lenye grisi kisha akashika mpira, vidole vyake vimebadilisha mchezo, na kanuni tayari zinakataza kuupaka mpira kitu kigeni.

Softiboli inarudi Olimpiki mwaka 2028, na mechi zake zitachezwa Oklahoma City. Wasichana watakaotazama watawaiga wale watakaowaona. Waandishi wa kanuni waitumie nafasi hii. Waamuzi hukagua magongo na kofia ngumu kabla ya mechi. Wakague na nyuso saa hiyohiyo. Aliyekosea apewe maji na kitambaa, asafishe, acheze. Na akirudia, anayepaswa kutoa maelezo mbele ya mwamuzi ni kocha aliyemwona akijipaka, si binti wa miaka 14.