Kisiki cha Shinyanga

Vitabu vya kurejesha uoto wa asili, ambavyo vingi ni vya Kiingereza, vinapenda kuitaja Shinyanga ya Tanzania, na vina sababu. Mkoa ule ulifyekwa kwa miongo mingi: kwanza kuwafukuza mbung'o enzi za mkoloni, kisha kupisha pamba. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, malisho yao yakabaki hayana mwenyewe.

Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, ulitegemea vitalu vya miche. Kumbe dawa ilikuwa kwa wazee. Wasukuma wa huko walikuwa na ngitili: eneo la malisho linalofungwa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi kikikaza. Ukilifunga, kisiki cha mgunga ulichodhani kimekufa kinachipua, maana mizizi ilikuwa hai muda wote. Unapogolea, unabakiza chipukizi moja au mawili yaliyonyooka. Gharama yake ni panga na subira. Kutoka hekta zipatazo 600, ngitili zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Siku hizi neno ngitili limo vitabuni, limeandikwa kwa herufi za mlazo kama jina la kisayansi la kijidudu cha ugonjwa. Mimi ningetaka kitabu cha Kiswahili, chembamba, kinachoingia mfukoni mwa koti la mchunga ng'ombe, chenye mchoro wa kisiki na alama ya mahali pa kupitisha panga.