Mji wa Pamba Uliojenga Hospitali kwa Michango

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)



Leo twende mbali kidogo, mpaka Mississippi, kusini mwa Marekani. Kuna mji mdogo huko uitwao Mound Bayou. Watu wake ni kama 1,500 tu. Siku ya soko hapa kwetu tunawapita. Lakini waliyoyapitia, mimi naona yanatuhusu.

Mji ulianzishwa mwaka 1887 na Isaiah Montgomery na binamu yake Benjamin Green, watu weusi waliozaliwa utumwani. Kampuni ya reli ilikuwa na ardhi ya msitu na vinamasi, ikitafuta watu wa kuikalia. Hao wakanunua, wakafyeka, wakauza mbao ili wapate posho, kisha wakapanda pamba. Meya alikuwa mweusi, mwenye duka mweusi, na shamba ni lako mwenyewe. Kwingine Mississippi mtu mweusi alilima shamba la bwana mkubwa, na kila mwisho wa mavuno akaambiwa bado ana deni.

Lakini msidhani Montgomery alikuwa malaika. Mwaka 1890 ilipoandikwa katiba ya jimbo, yeye peke yake ndiye mjumbe mweusi, na aliunga mkono masharti yaliyowanyima weusi wengi kura. Wako waliosema alinunua usalama wa mji wake kwa kura za wenzake. Mimi siwezi kuwapinga.

Haya, tuje kwa pesa. Mwaka 1904 Charles Banks alianzisha benki ya mji. Halafu wakauza hisa kwa watu weusi wa jimbo zima wajenge kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Kilifunguliwa 1912 kwa sherehe kubwa, Booker T. Washington mwenyewe akahutubia. Wenye hisa hawakufaidi. Mtaji wa kukiendesha haukuwako. Mwaka 1914 benki ikafungwa, na vita vya Ulaya vikaangusha bei ya pamba. Mwaka 1920 ikawa mbaya zaidi: kutoka karibu senti 40 kwa ratili hadi chini ya 15 kabla mwaka kwisha. Mnaolima zao moja tu, mnaelewa hapo hakuna la kuongeza.

Sasa sikilizeni hii ya hospitali, maana ndiyo iliyonileta. Kulikuwa na chama cha kusaidiana na kuzikana kiitwacho Knights and Daughters of Tabor. Wanachama wengi walikuwa wakulima na vibarua wa pamba. Hospitali za wazungu ziliwaingiza kwa mlango wa pembeni, nyingine hazikuwapokea kabisa. Wakachanga kidogo kidogo, miaka kadhaa, zaidi ya dola 100,000. Mwaka 1942 hospitali yao, Taborian, ikafunguliwa na vitanda 42. Madaktari na wauguzi ni weusi, na mgonjwa akaingia kwa mlango wa mbele. Ada ya mtu mzima ilikuwa dola 8 na senti 40 kwa mwaka, na kwa hiyo aliweza kulazwa siku 31, hata kupasuliwa. Si mnaona tofauti? Mwenye hisa ya kiwanda alingoja faida asiyojua itatoka wapi. Mama aliyelipa ada alijua atajifungulia wapi.

Hata hivyo haikudumu milele. Mashine za kuchuma pamba zilifika, vibarua wakakosa kazi, vijana wakahamia Chicago. Waliobaki hawakuweza kulipa. Mwaka 1967 serikali ikaingiza fedha zake, usimamizi ukatoka mikononi mwa chama, na mwaka 1983 hospitali ikafungwa.

Mwaka huo huo wa 1967 kituo cha afya kilifunguliwa pale. Madaktari waliona watoto wana njaa kuliko maradhi, wakaanza kuandika maziwa na nyama kwenye karatasi za dawa, na gharama ikalipwa kutoka fungu la dawa. Wakubwa walipolalamika, madaktari walijibu kwamba dawa ya njaa ni chakula. Ndipo wenyeji wakaunda ushirika wa kilimo. Katika nchi ile ile ya pamba wakapanda maharage, mboga za majani na viazi vitamu, wakala kwanza wao wenyewe. Kituo kile cha afya kinafanya kazi hadi leo.