Kabla ya Kuukanda Mguu wa Mjamzito, Utazame

Maelezo ya mkunga kwa wakazi wa Kahe



Kliniki huulizwa mara kwa mara: je, kubonyezwa nyayo katika mwezi wa mwisho humwandaa mjamzito kwa uchungu? Swali ni la haki. Bibi zetu waliwakanda wajawazito kwa mafuta tangu zamani, na sasa vijana huona kwenye simu michoro ya unyayo inayodai kwamba kila sehemu yake inahusiana na kiungo fulani mwilini. Taaluma hiyo huitwa rifleksolojia, na aliyeieneza michoro hiyo miaka ya 1930 ni Mmarekani, Eunice Ingham.

Nisiwafiche. Hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba kubonyeza unyayo huanzisha uchungu au hufungua njia ya mtoto. Lakini kukandwa kwenyewe si jambo la kudharau. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu huduma za kujifungua unapendekeza kukandwa, au kuwekewa kitambaa cha moto, kwa mjamzito mwenye afya anayeomba kupunguziwa maumivu. Unapendekeza pia asindikizwe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo mume anayejifunza kukanda miguu ya mkewe jioni, kwa mafuta ya nazi na mkono mwepesi, hapotezi muda wake. (Wanaocheka huko nyuma ndio ninaowasemea.)

Ninachohofia ni kitu kingine. Mguu uliovimba hukandwa kabla haujatazamwa.

Katika joto letu la tambarare, mama aliyeinama shambani kutwa huvimba vifundo vya miguu, na akilala uvimbe hupungua. Huo mara nyingi hauna neno. Ila uvimbe ukipanda ghafla usoni na mikononi, kichwa kikauma bila kutulia, macho yakaona ukungu au nyota, au maumivu yakashika chini ya mbavu upande wa kulia, hiyo yaweza kuwa presha ya ujauzito inayoelekea kifafa cha mimba. Mafuta ya nazi hayashushi presha. Jirani akisema, "Mkande tu, ni uzito wa mtoto," mshukuruni, kisha mpelekeni mama kituoni saa hiyohiyo. Kupima presha na mkojo ni kazi ya dakika chache, na mama huweza kuwa na presha ya juu bila kuhisi lolote. Ndiyo maana hatutaki akose kliniki hata anapojiona mzima.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, usiguswe. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisogea huweza kufika mapafuni.

Kuhusu tumbo nitasema kwa ufupi, kwa heshima zote kwa wakunga wetu wa jadi: lisisukumwe kwa nguvu ili kumgeuza mtoto, kwa kuwa kondo la nyuma laweza kubanduka. Na dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu huweza kuubana mji wa mimba hadi ukapasuka.

Mimba ikitimiza wiki 37, nyumba iwe na mambo mawili tayari: fedha kidogo iliyotengwa, na mtu aliyekubali kuamshwa usiku. Dharura ikitokea, pigeni 115 bila malipo. Ni namba ya mpango wa m-mama, unaotafuta usafiri wa mjamzito kwenda kituoni, au kutoka kituoni kwenda hospitali kubwa. Wakati wa masika, pigeni mapema, kabla barabara haijajaa maji.